Kurasa Alizofumua Fundi

Fundi hakupenda adui atubu kwenye ukurasa wa mwisho. Ningependa kuanza na jambo la heshima zaidi, kama vile alivyoweza kukata suruali kwa kukutazama tu ukipita, lakini kila nikimkumbuka namwona na wembe mkononi, miwani imeshuka puani, anafumua ukurasa kutoka kwenye kitabu cha katuni kama anavyofumua pindo la sketi. Pole pole, uzi baada ya uzi. Hakurarua. Alisema kurarua ni hasira, na yeye hakuwa na hasira na mtu. Kazi ilikuwa imefanywa vibaya, basi, ilibidi irudiwe.

Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya ghorofa letu pale Mowlem, Nairobi, kati ya duka la gesi na mlango wa ngazi. Kwa hiyo mtu kama mimi, ambaye tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kuishi kwingine isipokuwa kwa mama, sikuwa na njia ya kumkwepa. Wenzangu walienda Uarabuni, wengine vyuoni, wengine wakaoa. Mimi nilishuka kununua maziwa, nikapanda tena. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari yangu, na ilipita mbele ya Fundi.

"Umerudi salama?" alikuwa akiniuliza nikiwa na pakiti yangu ya maziwa.

"Salama, Fundi."

"Huko ulikotoka watu wazima?"

Niseme mapema kilichokuwa moyoni mwake, maana mwenyewe hakukificha. Fundi alikuwa na binti aliyeishi Pumwani, mtu mzima mwenye watoto, aliyeuza mahamri na mbaazi mbele ya nyumba yake. Alimwacha akiwa darasa la tano, yeye na mama yake, akaenda kuishi na mwanamke mwingine mji mwingine. Aliporudi Nairobi, miaka mingi baadaye, mama mtu alikuwa ameshazikwa na binti hakutaka kumwona. Fundi alitaka kitu kimoja tu duniani: yule binti amwambie, "Ingia ukae." Kila Jumapili aliifunika cherehani kwa turubai, akaenda Pumwani, akasimama upande wa pili wa barabara, mkabala na mlango wa binti yake, kisha akarudi. Hakuvuka, wala hakuita. Jumatatu ukimuuliza hali ya kule alikujibu kama mtu anayetoa habari za mvua: "Mzima. Jana alikuwa na leso mpya."

Vile vitabu alivipata kwa mama wa mandazi. Huyo alinunua karatasi kuukuu za kufungia, magazeti na majarida yaliyochoka, na Fundi alikuwa na ruhusa ya kupekua mzigo kabla haujakatwakatwa. Katuni zilitoka humo bila majalada, nyingine na madoa ya mafuta, nyingine zimeanzia ukurasa wa tisa. Alizipanga, akazishona ubavuni kwa cherehani, uzi mnene wa kushonea jinzi, akaziwekea jalada la karatasi ya kaki. Ziliwekwa kwenye benchi kwa ajili ya wateja wanaosubiri, na wateja wa Fundi walisubiri.

Hapo ndipo penye aibu yake. Katika miaka yote niliyomjua, sikuona nguo ikitoka siku aliyoahidi. Siku yake ya kuahidi ilikuwa Alhamisi. Mwalimu wa nasari wa orofa ya tatu alimjia siku moja, mkoba begani, uso umekaza.

"Fundi, gauni langu."

"Limebaki vifungo tu, mwalimu."

"Wiki jana lilibaki vifungo."

"Ni vingi."

"Harusi ilikuwa jana, Fundi."

Fundi akafikiri kidogo. "Basi hakuna haraka tena," akasema.

Yule mwalimu aliketi akacheka mpaka akafuta machozi, kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaketi, akachukua katuni. Ndivyo alivyotupata wote.

Nilimwambia mara moja kwamba ananishangaza. Mtu anayedanganya wanawake kuhusu vifungo anapata wapi mdomo wa kumkatalia adui wa kwenye karatasi asitubu? Suruali yangu mwenyewe ilikuwa pale tangu Pasaka.

"Kuna mtu aliyelala akilia kwa sababu ya suruali yako?" akauliza.

"Mimi."

"Wewe unalia hata ukikosa sukari. Nenda zako."

Somo lake kubwa lilikuwa la kola. Shati likivaliwa sana, kola huchanika pale inapokunjika shingoni. Mtu asiye na haja ya shati jipya huileta kwa fundi, fundi huifumua, akaigeuza upande wa chini uje juu, akaishona tena. Kwa macho ni kola mpya. Fundi alizigeuza kwa mamia, na alizigeuza vizuri, lakini alikuwa akikuambia ukweli ukilipa: palipochanika pangali pale, chini, na ukivaa shingo itajua. Wachoraji wa katuni, kwake, walikuwa wageuza kola ambao hawakuambii.

Alikuwa na kitabu kimoja cha kufundishia. Adui wa mle aliteketeza mji kwa kurasa ishirini. Ukurasa wa ishirini na moja, mtoto anampa ua. Adui anamkumbuka mama yake, chozi moja linashuka, na picha inayofuata amesimama na stelingi, shujaa wa kitabu, jua linachomoza, wanapeana mikono.

"Tazama hapa," Fundi alikuwa akisema, anarudi nyuma hadi kurasa za moto. Aliweka sindano kwenye jengo dogo pembeni kabisa, madirisha yamechorwa kama nukta. "Dirisha la nne. Kuna mtu hapa, ameinua mikono. Umemwona?"

Ilibidi usogeze uso. Kweli, alikuwepo, mdogo kama chawa.

"Huyu anaitwa nani?"

"Hajaandikwa, Fundi."

"Adui analijua jina lake?"

"Sidhani."

"Sasa anatubu kwa nani? Kwa yule mtoto wa ua? Yule hakumchoma."

Wapo waliotubu kwa kufa. Adui anajirusha mbele ya risasi ya stelingi, anasema maneno matatu, watu wanavua kofia. Hao Fundi aliwaita watoro. Na wapo ambao kitabu cha pili kinafichua kwamba hawakuwa wabaya kamwe, walinyweshwa dawa, au jini liliwaingia, au chuma fulani kichwani kiliwaamuru. Hapo alikuwa akiifuta miwani kabla ya kuchukua wembe. Siku moja, akifumua ukurasa wa namna hiyo, alisema bila kunitazama, "Hata mimi ningependa iwe ilikuwa dawa." Kisha akaikanyaga pedali kwa nguvu ambayo pazia la mteja lililokuwa kwenye mashine halikuihitaji.

Palipotoka ukurasa, alishona wake, karatasi za daftari la mistari, kalamu ya bluu. Kuchora hakujua. Watu wake walifanana na vitundikio vya nguo, ila nguo zenyewe zilikuwa kamili, kila rinda mahali pake, mifuko yenye mshono wa pili. Na hadithi zake, niseme kweli, zilichosha. Yule mchoma mji alimfanya abebe maji. Anapeleka mtungi kwenye lile jengo lililoungua, anauweka mlangoni, anaondoka. Ukurasa unaofuata, mtungi mwingine. Wa tatu, mlango umefungwa, anauacha nje. Wa nne, mtu ameumwaga. Wa tano, mtungi.

Kijana mmoja wa mjengo, kibarua wa ujenzi aliyekuwa akisubiri zipu, alifunua hizo karatasi mbele na nyuma.

"Buda, kwani huyu jamaa atabeba maji hadi lini?"

"Hadi wamwambie yanatosha."

"Na wasimwambie?"

"Nitaongeza karatasi."

"Hii stori haina mwisho, Fundi. Si umpe tu pikipiki kidogo, alipue kitu."

"Alishalipua," Fundi akasema. "Ndiyo maana anabeba maji."

Kwa sababu ya vile vitundikio, nikapata kazi. Mimi huchora. Ni kipaji cha watu wasiotoka nje. Fundi aliona siku moja nimechora uso wa mama wa mandazi kwenye pakiti ya maziwa, akaukagua kama anakagua kitambaa, akauliza kama ninaweza kumchorea nyuso tu, nguo atachora mwenyewe. "Hiyo mikono haijawahi kubeba kitu," alisema, "angalau ibebe kalamu." Kwa karibu miaka miwili nilishuka kila asubuhi nikaketi kwenye benchi, nikachora nyuso za watu wanaofungua mlango, wasiofungua, wanaochungulia dirishani. Alikuwa mkali kwa nyuso. "Huyu umemfanya amesamehe," alikuwa akisema, "mfute macho." Mama alianza kuwaambia majirani kwamba nimeajiriwa. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, na wakati ule sikujua kwamba ni furaha. Nilidhani ni benchi.

Sasa kosa langu. Nilidhani naweza kumsaidia. Niliona Jumapili zake zinaenda bure, miaka mitatu ya kusimama, na mimi nina kalamu. Nikachora kitabu kizima, kurasa nane, bila kumwambia. Saba za uchungu: fundi anaondoka, mtoto analia, fundi anarudi, amesimama barabarani. Ya nane nikaleta mvua, maana mvua kwenye karatasi hulia kwa niaba yako. Binti anamwona baba ng'ambo amelowa. Anaangusha sufuria. Anakimbia. Wanakumbatiana katikati ya barabara, magari yote yamesimama, na juu kabisa nikaandika neno moja kubwa: BABA. Nililia mwenyewe nikichora. Hilo lingetosha kunionya.

Jumanne moja nikaenda Pumwani. Nilimkuta binti yake anakaanga. Nikanunua mahamri mawili, nikala moja kwa hofu, kisha nikampa kitabu na kumwambia kimetoka wapi. Alifuta mikono kwenye leso, akakisoma chote akiwa amesimama, bila haraka. Alipofika mwisho akarudi ukurasa mmoja nyuma, akaenda mbele tena.

"Amekutuma?"

"Hapana, dada. Hajui."

"Hapa nalia kwa sababu gani?"

"Kwa furaha."

"Furaha ya nini?"

Nilikuwa na majibu mengi nyumbani. Pale niliuma tu hamri la pili.

"Na sufuria hii," akasema, kidole juu ya ile sufuria yangu iliyoanguka vizuri, "mbaazi zimemwagika. Watoto wangu wamekula nini hiyo siku?" Akakifunga kitabu, akakiweka chini ya meza yake ya mahamri. Hakunirudishia. "Mwambie asije tena Jumapili. Nilikuwa nimemzoea pale. Sikujua kumbe anangoja hii."

Kesho yake nilimwambia Fundi. Hakupandisha sauti. Aliuliza kama binti alisoma yote au alirukaruka. Nikasema yote. Akauliza alikuwa ameketi au amesimama. Akauliza leso ilikuwa ya rangi gani. Nilipomaliza kujibu alikuwa ameshaondoa tepu shingoni na kuiviringa kidoleni, akaifungua, akaiviringa tena.

"Mwaka wa kwanza alikuwa akifunga mlango akiniona," akasema. "Mwaka wa pili alifunga nusu. Mwaka huu alikuwa ameacha kufunga. Wewe ukampelekea mvua."

Jioni nilishuka na soda mbili baridi na hotuba. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Nilisema mimi ni mjinga, nilisema nilitaka mema, nilisema yeye ni kama baba kwangu, na sauti ikakatika pale nilipopanga ikatike. Fundi alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Fundi."

"Mbona upesi hivyo?"

Akainuka, akaenda kwenye rundo, akatoa suruali yangu. Ilikuwa imekamilika, imepigwa pasi, imekunjwa. Aliniwekea mikononi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba amenifukuza, kwa sababu Fundi hakuwahi kumaliza nguo ya mtu aliyetaka arudi.

Mwezi haukwisha, akahama. Nilishuka kwa ajili ya maziwa nikakuta baraza tupu, alama nne za miguu ya mashine sakafuni na doa la mafuta katikati. Mwenye gesi alisema kila kitu kilipakiwa kwenye mkokoteni alfajiri, na kwamba wateja wote walirudishiwa nguo zao, zimekwisha. Watu walisimama na nguo zao mikononi hawaamini. Mwalimu wa nasari aliliangalia gauni lake, akasema, "Kwani amekufa?"

Ni miaka mitano sasa. Pale wanauza vifuniko vya simu. Nimejaribu mafundi wengine. Kuna mmoja mtaa wa Umoja aliyenipa shati siku ile ile aliyosema, saa ile ile, nikalipokea nikasimama pale kama mjinga, hatuna cha kuzungumza. Mama husema nimekuwa mtu wa kununua vilivyoshonwa tayari. Nikisikia cherehani popote huwa napunguza mwendo. Nilianza kuchora tena, halafu nikagundua kwamba kila uso niliouchora ulikuwa unangoja mtu auambie umekosea wapi.

Mwaka huu mama aliniamuru niende Eastleigh kutafuta vitambaa vya pazia. "Nenda mwenyewe," alisema, "kabla hujaota ukungu." Nilinunua pazia. Kisha miguu ikanipeleka Pumwani, na nilipofika huko nilikuwa nimeshatunga uongo kwamba nimepotea.

Sikuhitaji kuutumia. Alikuwa upande ule ule wa barabara aliokuwa akisimama, chini ya kibanda cha mabati manne, na cherehani yake ile ile. Nywele zilizobaki zilikuwa nyeupe. Ng'ambo, binti yake alikuwa kwenye karai lake.

"Asalaam aleikum, Fundi."

Aliinua macho juu ya miwani. "Waaleikum salaam. Kumbe siku hizi unatoka nje."

"Mama amenituma."

"Nilijua si akili yako."

"Fundi, nimekuja kukuambia kwamba—"

"Shika hapa," akasema, akanipa ncha ya kitambaa. Nikashika. Akachora mstari wa chaki. Nikaendelea kushika, kwa sababu kila alipomaliza upande mmoja alinipa mwingine, na hotuba yangu ya miaka mitano ikakaa mdomoni ikapoa.

Aliyonieleza aliyaeleza katikati ya mishono. Binti alisema asije, hakuja. Mwaka mzima, akishona kwingine. Kisha Fundi alimtuma mkwewe, mume wa binti, aulize kama anaweza kuweka mashine pale, si kutazama mtu, kufanya kazi. Jibu lilikuja: barabara si yangu. Akahamia. Mwaka wa kwanza hakuna nguo iliyovuka kutoka ng'ambo ile. Mwaka uliofuata watoto walileta, zipu, mikoba ya shule. Sasa mama yao huleta mwenyewe.

"Anakuitaje?"

"Ananiita Fundi." Alikata uzi kwa meno. "Si jina baya."

"Na unamwambia Alhamisi?"

"Huku nikisema Alhamisi ni Alhamisi."

"Na sisi wa Mowlem?"

"Nyinyi mlinidekeza."

Nilikuwa bado nacheka binti yake alipovuka barabara, sketi ya shule ya mtoto mkononi. Alimwambia Fundi pindo lishushwe vidole viwili, mtoto amerefuka. Fundi akasema kesho saa sita. Kisha binti akanigeukia.

"Wewe ndiye yule mchoraji."

"Ndimi, dada."

"Kile kitabu bado ninacho."

Nami, kwa jinsi nilivyo, moyo ukaruka. Nilidhani anakaribia kunishukuru.

"Yule mtoto wa ukurasa wa kwanza," akasema, "ulimsuka nywele ndefu, ukamtia utepe."

"Ndiyo."

"Mwaka ule sikuwa na nywele. Mama alininyoa kipara."

Pedali ilisimama. Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa ameishika ile sketi kwa mikono yote miwili aliposema.

"Kwa nini?"

Yule binti alimtazama. Aliutazama utosi wake uliokuwa umeinama.

"Chawa," akasema. "Tulikuwa tunalala wengi kitanda kimoja." Akajifunga leso vizuri. "Kesho saa sita, Fundi. Usichelewe, ana shule ya mchana." Akavuka, akarudi kwa mbaazi zake.

Ningekuwa ninachora, hapa ningejua la kufanya. Lakini Fundi hakulia, wala hakuniangalia. Aliiweka sketi juu ya meza ya mashine, akainyoosha kwa kiganja, mara ya kwanza, mara ya pili, mara nyingi kuliko sketi inavyonyooshwa.

"Kipara," akasema.

Nilikuwa bado nimeshika ile ncha ya kitambaa.

"Wengi akina nani?" akaniuliza. "Walikuwa wawili tu nyumbani, yeye na mama yake. Wengi ni akina nani? Walikwenda kulala kwa nani?"

"Sijui, Fundi. Muulize, yuko pale."

Aliangalia ng'ambo. Binti yake alikuwa anamhudumia mteja, anafunga mahamri kwenye gazeti, mgongo umegeuka. Fundi akachukua wembe, akaanza kufumua pindo la ile sketi.

"Leo nimeshamuuliza moja," akasema.